Mosel kwa baiskeli na hema: soma kona ya mto kabla ya kupiga kambi

Nchini Ujerumani, kutoka Trier hadi Koblenz, mto Mosel unatiririka karibu kilomita 190, kwa sababu unajipinda na kujirudia njia nzima kama nyoka. Mwendesha baiskeli hupata faida kubwa hapo: njia ya baiskeli inafuata ukingo wa maji, haina milima ya kutaja, na sehemu kubwa ni lami. Mwenye kulala kwenye hema naye anahitaji kuzielewa hizo kona, maana ndizo zinazoamua kama utaamka mkavu na kama utapata usingizi.

Kila kona ina pande mbili. Upande wa nje maji hukwangua mwamba, kwa hiyo ukuta huwa mkali. Karibu na kijiji cha Bremm, mlima Calmont una mashamba ya mizabibu yenye mwinuko wa hadi nyuzi 65 hivi. Upande wa ndani maji hupunguza mwendo na kuacha matope, hivyo ardhi ni tambarare. Kambi nyingi ziko huko kwenye utambarare, na nyingine visiwani.

Sasa tazama ukuta wa ng'ambo. Ukiuona umejaa mizabibu, ujue ukuta huo unatazama kusini na unapata jua la kutosha. Riesling, zabibu ya mvinyo ya huku, haipandwi kivulini. Wewe uliye mbele yake utapata jua pia. Lakini ng'ambo ikiwa ni msitu mtupu, mara nyingi huo ndio mteremko uliogeuzia jua mgongo, na mwezi wa Septemba jua linapokuwa chini, kivuli chake kinaweza kulala juu ya kambi hadi saa 4 asubuhi au zaidi. Hema halikauki, na siku yako inachelewa kuanza. Ukifika jioni, fungua dira ya simu, tafuta mashariki, kisha chagua mahali ambapo upande huo uko wazi.

Umande wa bonde hili si wa kudharau. Usiku hewa baridi huteremka kutoka vilimani na kujikusanya chini kabisa, penye maji, na kuanzia mwisho wa Agosti ukungu hujaza bonde asubuhi nyingi. Ile nafasi nzuri ya kupigia picha, hatua tatu kutoka majini, ndiyo inayolowa kuliko zote. Rudi nyuma mita 20 au 30, hata ukipanda mita moja tu. Acha matundu ya hewa wazi pande zote mbili, hata kama kuna baridi. Unyevu mwingi unaoukuta ndani ni pumzi yako mwenyewe. Asubuhi usikunje turubai la nje pamoja na hema la ndani. Litie kwenye mfuko wake, lifunge juu ya keria, ulitandaze juani wakati wa chakula cha mchana.

Ardhi nayo hudanganya. Juu ni majani laini, chini ni changarawe iliyoshindiliwa ili magari ya kambi yasizame. Vigingi vyembamba vya alumini hupinda hapo. Beba angalau sita vya chuma, vinene kama msumari, vya sentimita 18 hadi 20, uviweke kwenye kona na upande unaokabili upepo. Upepo hufuata mkondo wa bonde, juu au chini, kwa hiyo elekeza sehemu nyembamba ya hema sambamba na mto.

Kuna pia reli. Kutoka Koblenz hadi Cochem, reli iko ukingo wa kushoto kwa mtu anayeshuka na maji, na treni za mizigo hupita usiku kucha. Pommern ni kijiji kizuri, ila reli inapita hapo hapo. Burgen iko ng'ambo ya mto, mbali na reli, ingawa sauti husafiri vizuri juu ya maji. Juu zaidi, kati ya Schweich na Traben-Trarbach, reli imeuacha mto na kupita Wittlich. Kwa maoni yangu usiku mtulivu kuliko wote unapatikana huko: Neumagen-Dhron, Kues, Wolf. Ubaya wake ni kwamba baiskeli ikiharibika hakuna stesheni karibu. Kuna basi la RegioRadler linalovuta trela ya baiskeli, nalo halibebi baiskeli majira ya baridi. Weka nafasi mapema.

Ugawaji ninaoupendekeza ni siku nne: Trier hadi Bernkastel-Kues kama kilomita 62, kisha 41 hadi Zell, 37 hadi Cochem, na 51 hadi Koblenz. Vibao vya kilomita vilivyoko ukingoni vinahesabu kutoka Koblenz, hivyo kila kibao kinakuambia umebakiza kiasi gani.

Mzigo usizidi kilo 15. Ukiuweka wote nyuma, spoki za gurudumu la nyuma upande wa gia ndizo zitakazokatika kwanza, kwa sababu zimekazwa zaidi ya zile za upande wa pili. Hamishia vitu vizito mbele, chini. Tairi la milimita 40 lenye upepo wa baa 3.5 hadi 4 linatosha. Baada ya mvua kubwa, vipande vya mawe bapa yenye makali huteremka kutoka mashambani hadi njiani: punguza mwendo, na uwe na tyubu mbili, si viraka peke yake.

Kambini, ofisi nyingi hufungwa saa 7 hadi saa 9 mchana, na kelele hukoma saa 4 usiku. Uwe na pesa taslimu. Agiza mikate jioni, hasa Jumamosi, kwa kuwa Jumapili maduka hufungwa. Wikendi ya kwanza ya Septemba kuna sherehe ya mvinyo Bernkastel, na bila kuweka nafasi utahangaika.

Vuli utaona Federweißer ikiuzwa kando ya njia. Rangi yake ni ya juisi yenye mawingu, lakini ni mvinyo unaoendelea kuchacha. Asiyekunywa pombe aombe Traubensaft, yaani juisi ya zabibu. Kizibo cha Federweißer huachwa kimelegea ili gesi itoke, kwa hiyo ukiilaza mkobani itamwagikia godoro lako.

Kuhusu mafuriko, malango ya meli yaliyokamilika mwaka 1964 yalijengwa kwa ajili ya usafiri, hayazuii maji makubwa. Desemba 1993 mto ulifika mita 11.28 Trier. Kambi nyingi hufungwa majira ya baridi kwa sababu hiyo, lakini Julai 2021 mto ulipanda katikati ya kiangazi. Mvua ikinyesha mfululizo Ufaransa au Luxembourg, angalia vipimo vya Trier na Cochem kwenye tovuti ya hochwasser.rlp.de kila jioni. Maji ya leo Trier ni ya kesho kwako ukiwa Cochem. Yakianza kupanda, usingoje kuambiwa: hamia sehemu ya juu ya kambi kabla ya giza.

Koblenz, Mosel unapoingia mto Rhein, panda treni ya mkoa. Ndani ya jimbo hili la Rheinland-Pfalz baiskeli husafiri bure baada ya saa 3 asubuhi siku za kazi, na kutwa nzima wikendi.