Pete ikipotea, ndoa haijapotea

Kila baada ya msimu wa korosho, wachumba wanapojaa katika mafundisho ya ndoa ninayotoa hapa Mtwara, hurudi swali ambalo kwa kweli limenichosha: pete iliyobarikiwa ikipotea, je, ndoa nayo imevunjika, au walau imeingiwa na mkosi? Mama mmoja aliivua pete yake ili abangue korosho, jambo la busara kabisa, kwa kuwa mafuta ya ganda lake huunguza ngozi. Aliifunga kwenye pembe ya kanga, nayo ikadondoka asijue wapi. Kilichomliza si thamani ya dhahabu, bali maneno ya mawifi zake kwamba baraka za ndoa zimeondoka nyumbani.

Anayeamini hivyo hajaifuatilia ibada ya ndoa yake mwenyewe. Kwanza bwana na bibi arusi hutamka ridhaa yao mbele ya padre au shemasi na mashahidi wawili. Mhudumu huyo huipokea ridhaa hiyo kwa jina la Kanisa. Ndipo pete hubarikiwa na wawili hao kuvalishana. Maana yake ni kwamba wakati pete inapopita kwenye kiungo cha kidole, wale wawili wamekwisha kuwa mume na mke, na hata ikianguka na kubingirika chini ya mabenchi, watu wakaguna kanisa zima, hakuna kilichopungua. Kanuni ya 1057 ya Sheria za Kanisa husema kwamba kinachofanya ndoa ni ridhaa, na hakuna mamlaka ya kibinadamu inayoweza kuijaza nafasi yake. Wala si fundisho la jana: Papa Nikolai wa Kwanza, akiwajibu Wabulgaria mwaka 866, aliitaja pete miongoni mwa desturi za uchumba, kisha akaeleza kwamba ridhaa peke yake inatosha, na kwamba ikikosekana hiyo, mengine yote ni bure.

Pete basi ni ishara ya upendo na uaminifu, na ikibarikiwa huhesabiwa miongoni mwa visakramenti, ambavyo havitoi neema kwa namna ya sakramenti, bali kwa sala ya Kanisa humwandaa mtu kuipokea neema na kushirikiana nayo. Ndiyo maana huheshimiwa na haifanywi kitu cha mchezo. Lakini mtu anayeiogopa, akidhani nguvu imo ndani ya madini yenyewe, ameigeuza kuwa hirizi, na Katekisimu huyahesabu mawazo ya namna hiyo kuwa ushirikina. Iliyopotea itafutwe, isipoonekana, nunueni nyingine, hata ya fedha, mkamwombe paroko aibariki. Harusi hairudiwi, na wala hakuna haja ya kumwita mtu wa kuondoa mkosi.

Na kwa kuwa nyingi huponyoka kwa sababu zilikuwa pana tangu dukani, nawasihi wachumba wapime kidole mara mbili, asubuhi kukiwa na ubaridi na mchana wa joto kidole kinapovimba kidogo, kisha wachague kipimo kinachovuka kiungo kwa shida kidogo. Hili nalisema kila mwaka, na kila mwaka wapo wanaonunua kwa kukadiria.

Wengine huahirisha ndoa wakisubiri dhahabu. Kanisa halijaagiza madini yoyote, na kuishi pamoja bila sakramenti kwa sababu ya bei ya pete ni kutanguliza ishara mbele ya jambo lenyewe.

Kuhusu ule mshipa unaodaiwa kutoka kidole cha pete moja kwa moja hadi moyoni, haupo. Damu ya vidole vyote hurudi moyoni kwa njia zilezile. Wakatoliki wa Poland huvaa pete ya ndoa mkono wa kulia, na ndoa zao ni halali kama zetu.

Wajane nao huambiwa kwamba wasipoivua watamfunga marehemu asipumzike. Kifo hukifungua kifungo cha ndoa, kwa hiyo mjane yu huru kuivaa kama kumbukumbu, kuihifadhi, au kumpa binti yake, na katika hilo mawifi hawana kura.