Madirisha ya matofali Uingereza: si yote yalizibwa kwa sababu ya kodi

Katika mitaa ya nyumba za karne ya 18 huko Bath au London, utaona dirisha lenye kizingiti na umbo kamili, ila mahali pa kioo pamejengwa matofali au mawe. Wengi huamini kwamba kila dirisha la namna hiyo lilizibwa na mwenye nyumba aliyekwepa kodi ya madirisha.

Kodi hiyo ilikuwepo kweli. Ilianza 1696, ikafutwa 1851, na wenye madirisha mengi walilipa zaidi. Wapo walioziba, hilo halina ubishi. Lakini mengine hayakupitisha mwanga hata siku moja. Wajenzi wa enzi hizo, wakifuata kanuni za Kirumi zilizofufuliwa Italia, walitaka uso wa nyumba ulingane kulia na kushoto. Ndani mambo yalikuwa mengine: palipostahili dirisha palipita dohani, ngazi au ukuta wa kugawa vyumba. Basi wakajenga umbo tu, wakati mwingine wakalipaka rangi nyeusi na kulichorea fito nyeupe ili kwa mbali lionekane la kioo. Ujanja mzuri, kusema kweli.

Unaweza kukagua mwenyewe, hata kwenye picha. Matofali yaliyofungamana na ya ukuta yaliwekwa tangu mwanzo. Yakikatika kwa mstari ulionyooka, na chokaa yake ni tofauti, huenda yaliongezwa baadaye. Tazama paani pia: dohani ikisimama juu ya dirisha hilo, kuna uwezekano mkubwa moshi ulipita nyuma yake. Kisha uliza mwaka wa ujenzi. Nyumba ya 1870 haikuwa na kodi hiyo ya kukwepa.