Kununua Kipima Mtetemo Hakufuti Ukaguzi wa Injini: Ufafanuzi kwa Wenye Meli na Mainjinia

Kila msimu wa kusi unapokaribia sisi wakaguzi wa meli tunapokea malalamiko, na safari hii yamezidi. Mwenye chombo anasema amenunua kifaa cha kupima mtetemo, amefunga vitambuzi vya joto kwenye beringi, analipia maabara ya oili, halafu mkaguzi anakuja na kumwambia afungue pampu. "Sasa nilivinunua vya nini?" Swali hilo ni la haki, na aliyetumia fedha zake kwa ajili ya usalama anastahili kujibiwa. Maelezo haya ni ya jumla. Hayabadilishi sheria, kanuni wala masharti ya cheti cha chombo chochote.

Kuwa na kifaa ni jambo moja, kuwa na mfumo uliokubaliwa ni jambo jingine. Chini ya utaratibu wa ukaguzi endelevu wa klasi, yaani shirika linalothibitisha ubora wa meli, mitambo yote muhimu hukaguliwa ndani ya miaka 5, takriban asilimia 20 kila mwaka. Klasi inaweza kukubali vipimo badala ya kufungua baadhi ya mashine. Lakini inataka kwanza ombi la maandishi, orodha ya mashine zinazohusika, vipimo vya mwanzo vya kila mashine ikiwa nzima, mipaka ya tahadhari na ya kusimamisha, na injinia mkuu anayewajibika kwa kumbukumbu hizo. Kumbukumbu zenyewe hupitiwa kila mwaka. Asiye na hati ya idhini atuletee vipimo vyake, tutavisoma na vitatusaidia kujua pa kuangalia, ila havifuti ukaguzi. Hili tumelisema mara nyingi mno, na bado kuna wanaotuonyesha risiti ya kifaa kana kwamba ndiyo idhini.

Kosa la pili ni kusoma namba moja na kuridhika. Jedwali linalosambazwa kwenye simu za mafundi, lile la milimita kwa sekunde, ni la viwango vya ISO kwa mashine za mzunguko kama pampu, feni na mota. Kwa mashine ya ukubwa wa kati iliyofungwa kwenye msingi mgumu, ikipita 2.8 haifai kuachwa iendelee hivyo muda mrefu, na ikipita 4.5 ni hatari. Injini ya pistoni hutetemeka kwa asili yake na ina viwango vyake. Ukiipima kwa jedwali la pampu, utafungua injini nzima au utaacha iliyo mbovu.

Hata kwa pampu, namba peke yake ni nusu ya habari. Chukua pampu ya maji ya bahari inayozunguka mara 1,500 kwa dakika, yaani mara 25 kwa sekunde. Mtetemo ukiwa mkubwa kwenye mara hizo 25 kwa sekunde, shuku impela, gurudumu linalosukuma maji, kuwa haina mizania. Labda imelika, labda imenasa uchafu. Ukiwa mkubwa kwenye 50, kagua kapulingi, huenda shafti ya mota na ya pampu hazijanyooka pamoja. Beringi inayoanza kuchunika hupiga kelele juu zaidi ya hapo, kwa sauti ambayo sikio halishiki, wiki kadhaa kabla mkono haujahisi joto. Hayo yote yanaonekana pale tu kipimo kinapochukuliwa mahali palepale, kwa mwelekeo uleule, kwa mzunguko na mzigo uleule. Piga alama ya rangi kwenye nyumba ya beringi ili anayepokea zamu asibahatishe.

Mwaka mmoja nilikagua boti ya abiria iliyokuwa na daftari safi kuliko yote niliyowahi kushika. Mtetemo wa pampu ulikuwa 2.1 kila Jumatatu, miezi mitatu mfululizo, kalamu ileile, mwandiko uleule. Nikaweka daftari kando ya hati za chelezo, pale vyombo vinapopandishwa kutengenezwa. Jumatatu tatu kati ya hizo boti ilikuwa juu ya chelezo, haina maji wala moto. Nilipoweka kifaa changu kwenye pampu hiyo nilisoma 6.3, na nati mbili za msingi niliweza kuzizungusha kwa vidole. Boti hiyo ilibeba familia za watu. Namba iliyopikwa inanitia hofu kuliko namba mbaya, kwa sababu mbaya angalau inatuambia tuanzie wapi.

Kuhusu oili, mafundi wengi wanachukua sampuli chini ya tangi injini ikiwa baridi, kisha wanashangaa maabara kuripoti uchafu. Chukua injini ikiwa inafanya kazi na imepata joto, kabla ya filta, kwenye koki ileile, baada ya kumwaga ile ya mwanzo iliyolala kwenye bomba. Chuma kikipanda, fikiria lina za silinda au gia. Risasi, bati na shaba vikipanda pamoja, ni beringi za krenki. Sodiamu ikija na maji, shuku maji ya bahari, na anzia kwenye kipozea oili. Na andikeni lita mlizoongeza. Injini inayokula oili huongezewa mpya kila siku, kwa hiyo majibu yake hutoka mazuri huku chuma kinaliwa ndani.

Kamera ya joto inafaa sana kwenye bodi ya umeme na mabomba ya moshi, ambako SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama baharini, inataka sehemu zinazoweza kufika juu ya nyuzi 220 zifunikwe ili mafuta yakirukia yasishike moto. Lakini chuma kinachong'aa huidanganya: huakisi joto la jirani na huficha la kwake. Bandika kipande cha utepe mweusi usiong'aa, subiri kipate joto, ndipo upime.

Kabla ya vifaa vyote hivyo kuna kijiti cha oili. Tarehe 23 Machi 2019 meli ya Viking Sky, yenye karibu watu 1,400, ilizimikiwa injini zote katika dhoruba pwani ya Norway na nusura ipande miamba. Uchunguzi uligundua kuwa oili kwenye matangi ya injini ilikuwa pungufu. Meli ilipoyumba, pampu zilivuta hewa. Kwenye mawimbi ya kusi, kiwango kilichotosha gatini huenda kisitoshe kwenye mkondo wa bahari.

Sasa hatua zetu. Meli za kigeni zikaguliwapo chini ya Mkataba wa Maelewano wa Bahari ya Hindi, dosari huandikwa kwa msimbo, na meli zetu zitakutana na misimbo hiyohiyo Mombasa au Moroni. 10 maana yake imerekebishwa. 16, irekebishwe ndani ya siku 14. 17, irekebishwe kabla ya kuondoka. 30, meli inazuiliwa. Iliyozuiliwa haiondoki hadi ikaguliwe upya na gharama zilipwe, isipokuwa ikiruhusiwa kwenda kwenye karakana iliyokubaliwa, kwa masharti ya maandishi. Rufaa ipo, ila kukata rufaa hakuiachii meli.

Wengi wanaficha vipimo vibaya wakidhani kuvileta ni kujishtaki. Sivyo. SOLAS inamtaka nahodha au mwenye meli aripoti dosari inayogusa usalama mapema iwezekanavyo. Anayetuita akiwa na mwenendo wa 1.8, 2.4, 3.7 na agizo la beringi mpya, kwa kawaida tunapanga naye muda wa kutengeneza. Tunayemzuilia ni yule ambaye 6.3 yake tunaikuta sisi wenyewe.

Kwa vyombo vinavyoshuka chelezo mwezi huu: vipimo vya mwanzo vichukuliwe kwenye safari ya majaribio, kabla ya abiria kupanda, vikiwa na mzunguko, mzigo na saa za injini, na nakala ibaki ofisini nchi kavu.