Je, wajua programu ya kurekebisha rangi za picha haijui picha ni ya nini?

Piga picha ya karatasi nyeupe chini ya taa ya manjano, kisha ipitishe kwenye programu ndogo ya wavuti inayorekebisha rangi yenyewe. Umanjano unatoweka. Wengi huamini kwamba programu imeitambua karatasi, ikajua inapaswa kuwa nyeupe. Ni rahisi kuamini hivyo, kwa kuwa siku hizi akili mnemba hutambua hata sura za watu. Lakini programu ya aina hii, yenye mistari michache tu ya JavaScript, lugha ya kuandikia programu za wavuti, haitambui chochote. Hata ukizivuruga pikseli zote za picha hiyo, yaani nukta ndogo zinazoiunda, usionekane ukingo wala kivuli, itafikia marekebisho yaleyale.

Inachosoma ni namba. Kila pikseli ina tatu: ya nyekundu, ya kijani na ya buluu, kila moja kati ya 0 na 255. Programu hutafuta wastani wa kila rangi kwa picha nzima, halafu inafuata dhana ambayo mtafiti Gershon Buchsbaum aliieleza mwaka 1980: kwamba rangi za vitu vyote zikichanganywa pamoja chini ya mwanga mweupe, hutoa kijivu, yaani namba tatu zilizo sawa. Wastani usipolingana, lawama inaangukia taa.

Fikiria mizani tatu. Ukiweka mzigo wa kilo 4, ya kwanza inasoma 5, ya pili 4, ya tatu 3. Huhitaji kufungua mzigo ujue una nini. Unajua tu kila mizani imekosea kwa uwiano gani. Basi tuseme wastani wa picha yetu ni nyekundu 150, kijani 120, buluu 90. Ili zote zifikie 120, nyekundu inazidishwa kwa 0.8, kijani kinabaki, buluu inazidishwa kwa 1.33. Pikseli ya karatasi iliyokuwa 225, 180, 135 inakuwa 180, 180, 180. Haina rangi tena. Kilichobaki ni kuongeza mwangaza.

Kazi yote hiyo hufanyika ndani ya kivinjari, kwenye kanvasi (sehemu ya ukurasa inayochorewa picha), bila picha kutumwa kwenye seva. Picha ya pikseli 4,000 kwa 3,000 ina namba milioni 36 za rangi, kwa hiyo ni busara kutafuta wastani kwenye nakala iliyopunguzwa, kisha kutumia vizidishi hivyo kwenye picha kamili.

Dhana hii huanguka pale picha inapojaa rangi moja. Picha ya majani matupu ina kijani kingi kihalali, lakini programu itakipunguza, majani yapauke na ua jeupe lililo katikati yake ligeuke zambarau. Kwa hiyo inafaa mtumiaji aachiwe kuchagua marekebisho yaingie kwa kiasi gani, nusu au yote. Pikseli zilizogonga 255 nazo zisiingizwe kwenye wastani: mwanga uliozidi hapo kamera haikuurekodi, hivyo uwiano wake wa rangi umeshapotea.