Saikedeli ya Seoul ilipitia lango la kambi

Wanaoanza kusikiliza roki ya zamani ya Korea Kusini huniuliza swali lilelile: Rais Park Chung-hee alikuwa na polisi wanaowakata vijana nywele ndefu barabarani, sasa hayo magitaa ya kulewesha ya saikedeli, roki ya kumzungusha mtu akili, yaliingilia wapi? Yaliingilia Yongsan, katikati ya Seoul, kwenye kambi ya Jeshi la Nane la Marekani.

Vita vya Korea vilisimama mwaka 1953 kwa makubaliano ya kusitisha mapigano tu, kwa hiyo Wamarekani walibaki kwa makumi ya maelfu, na askari aliye mbali na kwao anataka bia na muziki. Kumbi za kambini zilifuata vyeo: maofisa na wao, masajini na wao, askari wa kawaida na wao. Nje ya uzio, mtaa wa Itaewon ulijaa baa. Jukwaani walipanda Wakorea, na hawakupata nafasi kwa kujuana. Walifanyiwa usaili mbele ya Wamarekani, bendi zikapangwa kwa madaraja, AA likiwa juu, na daraja ndilo lililoamua malipo. Usaili ulirudiwa, kwa hiyo bendi iliyobweteka ilishushwa.

Wengi huupita usaili huo haraka, lakini kwangu ndio kiini cha habari. Mpiga gitaa yuleyule leo anawapigia maofisa jazi, kesho askari weupe wanadai kantri, keshokutwa yuko mbele ya askari weusi wanaotaka soul, muziki wa Wamarekani weusi, tena iliyoiva. Nyimbo alizidaka kwenye AFKN, redio ya jeshi hilo, akizikopi kwa sikio. Chuo gani cha muziki kingemfundisha hayo yote?

Mpiga gitaa na mtunzi Shin Joong-hyun, aliyezaliwa mwaka 1938, ni zao la kumbi hizo. Alianza kupiga kambini miaka ya 1950, na mwaka 1962 akaunda bendi ya Add4. Kisha ikaja vita ya Vietnam, iliyogeuza soko na ladha kwa pamoja. Shoo zenye pesa zilihamia huko, na askari vijana waliobaki Korea wakaanza kuagiza saikedeli ya kwao, ya Jimi Hendrix na bendi ya Jefferson Airplane. Shin mwenyewe alikuwa mbioni kwenda kupiga Vietnam pale wimbo aliowatungia waimbaji Pearl Sisters mwaka 1968 ulipovuma ghafla. Akabaki.

Korea Kusini nayo ilipeleka Vietnam askari zaidi ya 300,000 kwa jumla, na mwaka 1969 Shin akamtungia mwimbaji Kim Choo-ja wimbo kuhusu Sajini Kim anayerejea kutoka vitani. Ni soul ya kuchezeka kabisa, imeimbwa Kikorea. Mwaka uliofuata, yeye na bendi ya Questions walirekodi "In-A-Gadda-Da-Vida", ule wimbo wa dakika 17 wa bendi ya Marekani ya Iron Butterfly, wakati huo ukiwa bado wa moto.

Ila ukitaka kusikia kambi ikigeuka kuwa Seoul, weka "Mi-in", wimbo wa Shin wa mwaka 1974. Gitaa linatoa kipande kifupi chenye mkwaruzo, kisha sauti inapita njia ileile, kwa skeli ya noti tano iliyozoeleka katika nyimbo za jadi za Korea. Hakuna tena cha kukopi hapo.

Serikali haikufurahi. Mwaka 1972 Shin aliombwa amtungie Park wimbo wa kumsifu, akakataa, kisha akatoa wimbo mrefu wa kuisifu milima na mito ya nchi yake. Desemba 1975 alikamatwa kwa kesi ya bangi na kazi zake zikapigwa marufuku, hadi Park alipouawa Oktoba 1979. Marufuku ilipoondolewa, vijana walikuwa wameshahamia disko. Gitaa la heshima kutoka Fender, kampuni ya Marekani ya magitaa, lilimfikia mwaka 2009, akiwa na umri wa miaka 71.