Ikikwaruza jino ni ya bei? Tunayodanganyana kuhusu lulu

Kazi yangu hapa Kisumu ni kutunga upya mikufu iliyokatika. Mteja hufika na shanga zake ndani ya mkebe wa peremende au zimefungwa kwenye leso, na kabla hatujapatana bei ya uzi, ananiuliza: "Hizi ni lulu kweli?" Sijajibu bado, keshatia moja mdomoni.

"Ukiiuma ikakwaruza, ni ya asili na ni ya bei."

Hapa kuna ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo imewaponza wengi. Lulu imejengwa kwa vibamba vidogo mno vya madini ya chokaa, vimepangana kama vigae vya paa. Ukiipitisha ukingoni mwa jino utahisi kitu kama mchanga laini, ilhali kioo na plastiki huteleza. Kwa hiyo jino linaweza kukuambia kama ni lulu au si lulu, basi. Iliyofugwa na iliyookotwa baharini zote hukwaruza sawasawa, na kuzitofautisha kwa uhakika ni kazi ya maabara yenye mashine ya eksirei. Bei ndiyo kabisa, jino haliijui.

Mimi mkufu wa mtu siutii mdomoni. Nasuguanisha lulu mbili polepole, kisha naangalia kwa lenzi pale uzi unapopita. Kwenye feki, rangi ya tunduni huwa imebanduka kama ya kucha iliyopakwa mwezi uliopita, na chini yake unaona kioo kitupu. Wale wa kupima kwa kiberiti na siki, tafadhali acheni. Siki huila lulu halisi. Utathibitisha kwamba ilikuwa ya kweli, lakini itakuwa imeharibika.

"Za kufugwa ni feki."

Mtu wa Kisumu akiniambia hivi humuuliza: samaki ngege wa vizimbani si ngege? Hata lulu ya kufugwa hutengenezwa na chaza mwenyewe. Binadamu humchokoza tu. Mjapani Mikimoto Kokichi alifaulu mwaka 1893 kupata lulu za nusu duara kwa njia hiyo, na zile za mviringo kamili zikafuata mwanzoni mwa karne ya 20. Lulu nyingi mno zinazouzwa leo duniani ni za kufugwa, kwa hiyo ukikataa hizo, jiandae kutembea shingo tupu.

Za bei nafuu zaidi hutoka China, kwa kome wa maji baridi. Wengi hudhani unafuu huo ni dalili ya ubovu, kumbe sababu ni hesabu tu: kome mmoja anaweza kubeba lulu makumi kwa wakati mmoja. Tena nyingi kati ya hizo hazina punje iliyopandikizwa ndani, ni lulu tupu mpaka kati. Akoya, lulu ya chaza wa Japani, ya bei kubwa kuliko hizo, ina punje ya gamba katikati, na tabaka lililoizunguka mara nyingi halifiki milimita 1. Kinachoilipia ni mng'ao wake na umbo la mviringo.

Ile hadithi ya chembe ya mchanga kuingia ndani ya chaza nayo tuiache shuleni. Kwa kawaida lulu huanza na mdudu mnyonyaji au jeraha kwenye nyama laini ya chaza.

"Lulu ni kama ploti, bei haishuki."

Mwaka 1917 kampuni ya vito ya Cartier ilipata jumba lake la Fifth Avenue, New York, kwa kutoa mkufu wa nyuzi mbili za lulu za asili uliothaminiwa dola milioni 1, pamoja na dola 100 taslimu. Kisha lulu za kufugwa zikajaa sokoni. Mkufu uleule ulipopigwa mnada mwaka 1957, ulileta takriban dola 150,000. Jumba bado ni la Cartier. Anayekuambia ununue lulu badala ya ploti kule Mamboleo, muulize yeye alinunua nini.

"Imeandikwa AAA, basi ni daraja la kwanza."

Kaandika nani? Hakuna kipimo kimoja cha herufi hizo ambacho dunia nzima inakifuata. Kila muuzaji ana A zake. Wataalamu wa GIA, taasisi ya vito ya Marekani, huangalia mambo saba: ukubwa, umbo, rangi, mng'ao, hali ya uso, unene wa tabaka, na jinsi lulu za mkufu mmoja zinavyolingana. Mimi huanza na mng'ao. Simama karibu na dirisha, uizungushe lulu: ukiona kingo za dirisha zimejichora wazi juu yake, hiyo ni nzuri. Ukiona weupe wa maziwa tu, usilipe bei ya muuzaji, hata ingekuwa mviringo kama gololi.

"Lulu ni nyeupe, tena mviringo."

Hapo tumetoka kwenye thamani tumeingia kwenye ladha, na ladha haina mnada. Umbo hupandisha bei, kweli, lakini za mabonge-mabonge zina wapenzi wake, nikiwemo mimi. Kwa ngozi zetu naona zenye wekundu wa mbali au rangi ya dhahabu hupendeza kuliko nyeupe pe. Nyeusi ziangalie kwa makini: za bei rahisi mara nyingi zimetiwa rangi, nayo hujikusanya tunduni. Lakini weusi wa asili upo, wa yule chaza wa Tahiti, kisiwa cha Pasifiki, ambaye anaishi pia katika bahari yetu ya Hindi.

Majuzi dada mmoja aliniletea mkufu wa marehemu mama yake, aliyeuza samaki miaka mingi na kuuvaa kila Jumapili. Nilitazama tunduni: kioo. Nikamwambia ukweli, kwamba kazi yangu itamgharimu kuliko shanga zenyewe. Nikamwambia pia kwamba tangu karne ya 17, Wafaransa walipogundua ujanja huo, feki nzuri za kioo zimekuwa zikipakwa urembo unaokamuliwa kutoka magamba ya samaki, ule weupe wa kumetameta unaobaki mkononi ukishika omena.

"Yawa!" akacheka hadi akakaa chini. "Kumbe mama siku sita anaparua magamba, ya saba anayavaa kanisani!"

Akaniambia nifunge fundo baada ya kila shanga, kama mkufu wa lulu halisi.