Setilaiti zinavyopima bamba la dunia linalozama chini ya jingine

Tsunami iliyofika Malindi tarehe 26 Desemba 2004 ilianzia Sumatra, mahali ambapo bamba moja la gamba la dunia huzama chini ya jingine. Mabamba hayo husogea sentimita chache kila mwaka, lakini yanapokutana hukwama. La juu hubanwa na kujikunja taratibu mpaka mwamba uachie. Kujikunja huko hupimika mapema kwa setilaiti za GPS.

GPS ya simu hukosea mita kadhaa. Kipokezi cha wapimaji husoma wimbi lenyewe la redio, tena mawimbi mawili: la sentimita 19 na la sentimita 24. Kwa kuyalinganisha, ucheleweshaji wa ionosfia (tabaka la juu la hewa lenye chembe za umeme) huondoka karibu wote, nao huku karibu na ikweta ni mkubwa. Mvuke wa maji hauondoki hivyo. Hukadiriwa kwenye hesabu, na ni sababu mojawapo ya kipimo cha kupanda na kushuka kuwa na kosa mara mbili au tatu ya kile cha mlalo.

Kituo chenye kipokezi hicho hurekodi kila sekunde 30, usiku na mchana, na data ya siku nzima hutoa nukta moja ya mahali kilipo. Usikubali mwendo uliokokotolewa kwa data ya chini ya miaka miwili na nusu: maji ya mvua huilemea ardhi, ikashuka masika na kupanda kiangazi.

Makosa mengi huanzia kwenye nguzo inayobeba antena ya kituo. Ukiisimika juu ya udongo mweusi kama wa Embakasi, mvua huuvimbisha, jua huupasua, na nguzo hucheza kuliko bamba unalolipima. Chimba mpaka mwamba, ufunge vyuma humo. Antena ikibadilishwa, hata kifuniko chake tu, andika tarehe na aina. La sivyo mruko wa milimita kadhaa utadhaniwa ni wa ardhi.

Japani, pwani ya Tohoku ilikuwa ikisukumwa magharibi kwa miaka. Tarehe 11 Machi 2011, tetemeko kubwa lilipopiga, kituo cha Oshika kwenye pwani hiyo kiliruka mita 5.3 kuelekea mashariki-kusini-mashariki na kuzama mita 1.2.

Hata hivyo, sehemu kubwa iliyokwama iko chini ya bahari, na redio haipenyi maji. Hapo meli yenye antena ya GPS hutuma sauti kwa vifaa vilivyowekwa sakafuni mwa bahari. Sauti husafiri takriban mita 1,500 kwa sekunde, na joto na chumvi huibadilisha, hivyo maji hupimwa papo hapo. Njia hiyo ndiyo iliyoonyesha kwamba sakafu karibu na kitovu cha tetemeko lile ilisogea mita 24.